Kinachokosekana Ndani ya Seli: Jeni za Kuzuia Uvimbe na Saratani ya Ovari

Mwaka 2011 watafiti wa mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jenomu za saratani walichapisha matokeo ya sampuli 489 za uvimbe wa ovari, zote za ile aina kali inayoua wanawake wengi kuliko aina nyingine za ugonjwa huu. Sampuli 316 kati ya hizo zilisomwa jeni kwa jeni. Aliyetarajia kukuta jeni iliyowaka kupita kiasi, ya kuzimwa kwa kidonge kama ilivyowezekana kwenye baadhi ya saratani za damu na za mapafu, hakuambulia kitu. Kilichoonekana ni jeni moja, TP53, imeharibika katika asilimia 96 ya sampuli. Zilizofuata, zikiwemo NF1, RB1, BRCA1, BRCA2 na CDK12, kila moja ilikuwa na kasoro katika sampuli chache tu, na karibu zote ni za ukoo mmoja: jeni zinazoizuia seli isigawanyike ovyo, au zinazorekebisha DNA inapokatika.

Saratani hii, basi, ni ugonjwa wa upungufu. Seli yake imeacha kutii kwa sababu imepoteza vitu vilivyokuwa vikiidhibiti, na kitu kilichopotea hakizimwi kwa dawa. Ukilielewa hilo, mengi yanayowatatiza madaktari na wagonjwa yanajieleza: kwa nini dawa za kulenga jeni zilichelewa kufika, kwa nini kipimo cha kuuwahi ugonjwa kimekuwa kigumu kupatikana, na kwa nini kwa wanawake wa Afrika Mashariki msaada mkubwa unaoweza kuja mapema huenda ukatoka kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali ya mkoa kabla ya kutoka kwenye mashine ya kusoma jeni.

Takwimu za dunia za mwaka 2022 zinakadiria wagonjwa wapya 324,000 hivi na vifo karibu 207,000. Uwiano huo ni mbaya. Sababu yake anaijua kila muuguzi wa wodi ya wanawake: mgonjwa huanza kwa kujaa tumbo, kushiba upesi, kukojoa mara kwa mara, na kwa miezi hutibiwa vidonda vya tumbo au gesi. Anapopigwa ultrasaundi, tumbo limejaa maji na ugonjwa umeshatapakaa kwenye utando wa ndani.

Tena si ugonjwa mmoja. Aina kali ya serasi, ambayo ndiyo iliyosomwa mwaka 2011, ina jamaa zake: aina ya serasi isiyo kali, aina ya seli angavu, ya endometrioidi, ya ute, na nyingine adimu. Kila moja ina jeni zake zilizoharibika, na serasi isiyo kali kwa kawaida haina kasoro ya TP53 kabisa. Anayesema “saratani ya ovari” bila kutaja aina amesema nusu ya habari.

Wazo la jeni za kuzuia uvimbe halikuanzia kwenye ovari. Lilianzia kwenye macho ya watoto. Mwaka 1971 daktari Alfred Knudson, akiwa Houston, alipitia kumbukumbu za watoto 48 waliougua uvimbe wa retina. Aliona kwamba wanaorithi ugonjwa huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili, na wasiourithi huchelewa na huugua jicho moja. Kwa hesabu tu, bila kuiona jeni yenyewe, alitoa jawabu: kila seli ina nakala mbili za jeni husika, moja ya baba na moja ya mama, na lazima zote mbili ziharibike ndipo uvimbe uanze. Mtoto aliyerithi nakala mbovu amebakiza pigo moja. Mwenzake anahitaji mapigo mawili yaangukie seli ileile, na hilo huchukua muda. Jeni hiyo, RB1, ilipatikana mwaka 1986, na Knudson akaonekana alikuwa sahihi.

Kanuni hiyo ya mapigo mawili ndiyo msingi wa yote yanayofuata, ingawa katika ovari utekelezaji wake una ukatili wa pekee. TP53 iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 17. BRCA1 iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu hiyohiyo, na NF1 nayo ipo hapo. Katika aina kali ya serasi ni kawaida seli kupoteza nakala nzima ya kromosomu ya 17. Kwa tukio hilo moja, seli hubaki na nakala moja moja ya jeni tatu za ulinzi. Kama nakala ya TP53 iliyobaki ilikuwa tayari mbovu, hakuna tena wa kuisimamisha. Kama mwanamke alizaliwa na nakala mbovu ya BRCA1, na iliyopotea ndiyo ile iliyokuwa nzima, ulinzi wa BRCA1 nao umekwisha.

Historia ya TP53 yenyewe ni somo la jinsi sayansi inavyoweza kupotea njia kwa muongo mzima. Protini yake, p53, iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa kwa wakati mmoja, likiwemo la David Lane Uingereza na la Arnold Levine Marekani. Kwa kuwa ilijazana ndani ya seli za saratani, ilidhaniwa ndiyo inayochochea uvimbe, na majaribio ya miaka ya 1980 yalionekana kuthibitisha hivyo. Baadaye ikabainika kwamba nakala za jeni zilizotumika maabara zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mwaka 1989 kundi la Bert Vogelstein katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, likichunguza saratani ya utumbo mpana, lilikuta nakala moja ya TP53 imepotea na ya pili imeharibika: sahihi ya Knudson. Mchochezi akageuka mlinzi. Miaka mitatu baadaye Lane akaipa p53 jina la mlinzi wa jenomu, jina ambalo halijaiacha hadi leo.

Kazi yake ni hii. DNA inapokatika, kwa mionzi, kemikali au makosa ya kawaida ya kunakili, p53 huongezeka, hushika sehemu maalumu za DNA na kuwasha jeni nyingine. Baadhi ya hizo huisimamisha seli isigawanyike hadi ukarabati uishe. Nyingine, uharibifu ukiwa mkubwa, huiamuru seli ijiue. Protini yenyewe ni fupi, ya asidi amino 393, na makosa mengi huangukia sehemu ileile ya kati inayoshika DNA. Kosa la herufi moja hapo linatosha kuifanya p53 ishindwe kushika, huku ikiendelea kutengenezwa na kurundikana bila kazi.

Urundikanaji huo una faida ambayo mtu wa maabara huiona kwa macho. Kipande cha uvimbe hukatwa kikawa chembamba kuliko karatasi, hubandikwa kwenye slaidi na kutiwa kingamwili inayoitafuta p53, kisha rangi. Katika seli zenye afya viini huonekana mchanganyiko: hapa hudhurungi hafifu, pale hakuna kitu, kule rangi kidogo zaidi. Katika saratani kali ya serasi mambo huwa mawili. Ama viini karibu vyote vimekolea hudhurungi nzito, kwa sababu protini mbovu imejaa. Ama vyote ni vyeupe kabisa, kwa sababu jeni imekatika kiasi cha kutotoa protini yoyote, na weupe huo hushuhudiwa na seli za kawaida za jirani ambazo bado zina rangi. Mtaalamu wa patholojia asiye na mashine ya kusoma DNA ameisoma jeni kwa darubini. Kwa maabara zetu, hicho ni kipimo cha kupewa kipaumbele kuliko vingi vinavyotangazwa kwa mbwembwe.

Hapa tembo wanastahili kutajwa, kwa sababu ni majirani zetu. Mwili wa tembo una seli nyingi mara nyingi zaidi ya wetu na huishi miongo mingi, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida ungetarajia wafe kwa saratani kila leo. Hawafi hivyo. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo Joshua Schiffman wa Utah, walionyesha kwamba tembo wa Afrika ana nakala 20 za TP53 mahali ambapo binadamu ana moja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba seli zake zikipigwa mionzi hujiua upesi kuliko zetu. Wanyama wale wa Tsavo na Ruaha wamewekewa akiba ambayo mwanadamu hakupewa.

Swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu ni hili: kama TP53 huharibika mapema hivyo, mbona uvimbe mdogo, wa mwanzo, haukuwa ukionekana kwenye ovari? Walikuwa wakiutafuta mahali pasipo penyewe. Mwaka 2001 kundi la Uholanzi lilichunguza mirija ya falopio ya wanawake waliotolewa viungo vya uzazi kwa tahadhari, kwa sababu ya urithi wa kifamilia. Kwenye mirija hiyo iliyodhaniwa kuwa mizima walikuta seli zilizoanza kubadilika. Kufikia mwaka 2007 Christopher Crum na wenzake wa Boston walikuwa wamepanga namna mpya ya kukata mrija wote, hasa ncha yake yenye vishada inayoikaribia ovari, kwa vipande vya milimita 2 hadi 3, tofauti na mazoea ya kuchukua kipande kimoja au viwili vya kuwakilisha. Ukikata hivyo, unaona. Katika sehemu kubwa ya wagonjwa wa saratani ya “ovari” kulikuwa na kidonda cha awali kwenye vishada vya mrija, chenye kasoro ileile ya TP53 iliyoko kwenye uvimbe mkubwa.

Karibu na vidonda hivyo, Crum na wenzake walikuta kitu kingine: safu fupi za seli zilizokolea rangi ya p53 lakini zenye umbo la kawaida kabisa, zisizogawanyika kwa kasi. Safu hizo zipo hata kwa wanawake wasio na urithi wowote mbaya. Mwaka 2016 watafiti wengine, wakitumia usomaji wa DNA wa kina kikubwa, walipata makosa madogo madogo ya TP53 kwenye maji ya tumboni ya karibu wanawake wote waliopimwa, wenye saratani na wasio nayo. Wengi wetu, kadiri umri unavyokwenda, tunabeba seli chache zilizompoteza mlinzi. Saratani huhitaji zaidi ya hapo, na huhitaji muda. Uchunguzi wa mwaka 2017 uliolinganisha vidonda vya mirija na uvimbe wa wagonjwa walewale ulikadiria kwamba kutoka kidonda cha awali hadi saratani ya ovari hupita wastani wa miaka 6 na nusu. Baada ya hapo kutapakaa ni kwa haraka.

Miaka sita na nusu ni muda wa kutosha kuukamata ugonjwa, kama kungekuwa na kipimo. Uingereza ilijaribu kwa uzito ambao haujawahi kuonekana: wanawake zaidi ya 202,000 waligawanywa katika makundi, wengine wakipimwa kila mwaka kiwango cha protini ya CA-125 kwenye damu au ultrasaundi, wengine wakiachwa na huduma ya kawaida. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2021. Upimaji haukupunguza vifo. Hilo halishangazi sana ukikumbuka kwamba kidonda cha mwanzo kina ukubwa wa milimita, kiko kwenye mrija, na hakitoi CA-125 ya kutosha kuonekana kwenye damu. Wapo wanaotafuta DNA yenye kasoro kwenye majimaji ya kipimo cha mlango wa kizazi, kwa kuwa seli za mirija huteremka hadi huko. Wazo ni zuri. Kikwazo ni kilekile cha mwaka 2016: kasoro ya TP53 peke yake haitofautishi mgonjwa na mwanamke mzima aliyezeeka.

Jeni za BRCA zilikuja kwa mlango mwingine, wa ukoo. Mwaka 1990 Mary-Claire King, baada ya miaka mingi ya kufuatilia familia zenye saratani nyingi ya matiti huku wenzake wengi wakiamini urithi wa jeni moja hauwezekani, alionyesha mahali kwenye kromosomu ya 17 ambapo jeni hiyo, BRCA1, lazima iwepo. Mwaka 1994 kundi la Mark Skolnick huko Utah liliifikia na kuisoma. BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ilipatikana mwaka 1995 na kundi la Michael Stratton Uingereza. Skolnick alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Myriad Genetics, na kampuni hiyo ikapata hataza za jeni zote mbili Marekani. Kwa karibu miaka ishirini mwanamke wa Marekani aliyetaka kupimwa hakuwa na mahali pengine pa maana pa kwenda. Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba DNA ya asili haiwezi kuwa mali ya mtu kwa kuwa tu ameitenga. Bei zilianza kushuka.

Protini za BRCA hazifanyi kazi ya p53. Zenyewe ni mafundi. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika mahali pamoja, BRCA1 huandaa ncha zilizokatika na BRCA2 huleta protini ya RAD51, ambayo huutafuta mfuatano unaofanana kwenye nakala ya pili na kuutumia kama kielelezo cha kuandika upya kilichopotea. Ni ukarabati usioacha kovu. BRCA zikikosekana, seli hulazimika kuunganisha ncha ovyo, vipande vinapotea, vingine vinageuzwa, na kromosomu zinakuwa vurugu. Katika takwimu za mwaka 2011, karibu nusu ya sampuli zilionyesha hitilafu ya namna fulani kwenye ukarabati huu. Kwa baadhi jeni ilirithiwa mbovu, kwa wengine iliharibika ndani ya uvimbe tu, na katika takriban sampuli 11 kwa kila 100 BRCA1 ilikuwa nzima herufi kwa herufi lakini imefunikwa kemikali ya kuinyamazisha.

Kwa mwenye urithi, hatari ni ya kutisha kweli. Mwanamke wa kawaida ana uwezekano wa asilimia 1 na kidogo kuugua saratani ya ovari maishani. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2017 ulikadiria asilimia 44 hadi umri wa miaka 80 kwa wenye kasoro ya BRCA1, na asilimia 17 kwa wa BRCA2. Wapo pia wa RAD51C na RAD51D, ambao wako zaidi kidogo ya asilimia 10. Mwigizaji Angelina Jolie, ambaye mama yake Marcheline Bertrand alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 2007 akiwa na miaka 56, alitangaza mwaka 2013 kwamba ana kasoro ya BRCA1, na mwaka 2015 kwamba ametolewa ovari na mirija. Vituo vya upimaji katika nchi kadhaa vilielemewa na maombi.

Jambo moja hupuuzwa mno: nakala mbovu inaweza kutoka upande wa baba, ambaye mwenyewe huenda asiugue kamwe. Kwa hiyo daktari anayeuliza habari za mama mzazi, mama mkubwa na mama mdogo, akaishia hapo, ameuliza nusu. Shangazi na bibi mzaa baba wana uzito uleule. Na asiulize saratani tu kwa jina, maana katika familia nyingi bibi aliyekufa na tumbo lililojaa maji hakuwahi kupewa jina la ugonjwa.

Jeni nyingine zinastahili kupitiwa kwa haraka. ARID1A, inayosaidia kupanga jinsi DNA inavyofungwa ndani ya kiini, ilionekana mwaka 2010 kuwa imeharibika katika karibu nusu ya saratani za seli angavu, zile zinazohusiana na endometriosisi. SMARCA4, ya kazi inayokaribiana na hiyo, ndiyo kiini cha saratani adimu na kali ya seli ndogo inayowapata wasichana na wanawake vijana. Mwaka 2014 makundi matatu yalilitangaza hilo kwa pamoja. PTEN hupotea zaidi kwenye aina ya endometrioidi. Na mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha kwamba RB1, NF1 na PTEN mara nyingi hazibadilishwi herufi: huvunjwa vipande kabisa, jambo ambalo usomaji wa kawaida hauoni vizuri.

Sasa tiba. Wazo la kwanza lililomjia kila mtu lilikuwa la wazi: kama TP53 imepotea, irudishwe. Virusi vya adeno vilibebeshwa jeni nzima na kumiminwa tumboni mwa wagonjwa pamoja na tiba ya kemikali. Jaribio kubwa lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa halikuonyesha faida. Virusi havikuifikia kila seli, na seli ambayo haikufikiwa iliendelea kuzaana. Hiyo ndiyo shida ya msingi ya kutibu upungufu: lazima ukijaze ulichopoteza kila mahali.

Njia iliyofaulu ilikwenda kinyume. Mwaka 2005 makundi mawili, moja la Alan Ashworth London na jingine lililomjumuisha Thomas Helleday, yalichapisha katika toleo moja la jarida la Nature ushahidi kwamba seli zisizo na BRCA hufa ukiizuia protini nyingine ya ukarabati wa DNA iitwayo PARP. Fikiria kijiji kisiwani chenye madaraja mawili. Mafuriko yamesomba moja, na watu wanapita la pili bila kuona tofauti. Ukilifunga hilo la pili, kijiji kimekatika. Seli za kawaida za mgonjwa bado zina nakala moja nzima ya BRCA, kwa hiyo daraja lao la kwanza lipo. Seli za uvimbe hazina. Dawa huing’ang’aniza PARP kwenye DNA, mashine ya kunakili inaigonga, nyuzi mbili zinakatika, na hakuna fundi wa kuziunga. Kwa mantiki hiyohiyo tunaelewa kwa nini dawa za zamani za platinamu, sisiplatini na kaboplatini, huwasaidia zaidi wagonjwa wenye kasoro za BRCA: nazo huharibu DNA kwa namna inayohitaji ukarabati uleule.

Olaparibu, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia PARP, iliidhinishwa Marekani na Ulaya Desemba 2014. Jaribio lililobadilisha mambo lilitangazwa mwaka 2018, likiwa na wanawake 391 wenye kasoro za BRCA waliokuwa wamemaliza tiba ya kwanza ya platinamu. Waliopewa olaparibu kwa miaka miwili walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi au kufa pungufu kwa asilimia 70. Baada ya miaka 7, asilimia 67 kati yao walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 46.5 ya waliopewa kidonge kitupu, ingawa karibu nusu ya hawa wa pili walipata dawa za aina hiyo baadaye. Kwa ugonjwa huu hizo ni namba ambazo daktari wa miaka ya 1990 asingeziamini.

Lakini uvimbe haulali. Mwaka 2008 ilishaonekana kwamba seli zilizobanwa na dawa hizi zinaweza kupata kosa la pili ndani ya BRCA2, kosa linaloirudisha jeni kwenye mstari wake na kuifanya ifanye kazi tena. Daraja limejengwa upya, na dawa imekwisha kazi. Matumizi kwa wagonjwa waliokwishatibiwa mara nyingi yalileta mashaka kiasi kwamba mwaka 2022 kampuni tatu ziliyaondoa baadhi ya matumizi hayo Marekani baada ya takwimu za uhai kutoridhisha. Dawa hizi huwafaa zaidi wanaozipata mapema, na wanaojulikana kuwa na kasoro husika.

Kujulikana ndiko kunakotukwamisha Afrika Mashariki. Orodha za dunia za kasoro za BRCA zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa DNA za watu wenye asili ya Ulaya. Mwanamke wa Kisukuma au Kiganda akipimwa, ana uwezekano mkubwa kuliko Mzungu wa kupewa jibu kwamba jeni yake ina tofauti ambayo maana yake haieleweki: jibu lisilomsaidia yeye wala daktari wake. Utafiti mkubwa wa Nigeria ulioongozwa na Olufunmilayo Olopade na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane wa saratani ya matiti alikuwa na urithi mbovu wa BRCA1, BRCA2, PALB2 au TP53. Mwaka 2020 ukafuata wa wanawake wa Uganda na Kamerun. Ni mwanzo mzuri, lakini tafiti zote mbili zilihusu matiti. Ovari, ambako uwiano wa urithi ni mkubwa zaidi, bado iko nyuma. Na hata akipimwa na kueleweka, kidonge cha kumezwa kila siku kwa miaka miwili kwa bei za sasa hakifikiki kwa wengi.

Ndiyo maana habari ya mirija inapaswa kusomwa kwa makini hapa kwetu kuliko popote. Mwaka 2010 madaktari wa British Columbia, Kanada, walianza kuhimizana kwamba mwanamke anayefungwa kizazi, au anayetolewa mfuko wa uzazi kwa sababu nyingine, atolewe mirija yote huku ovari zikiachwa zifanye kazi yake ya homoni. Walipofuatilia wanawake karibu 26,000 waliofanyiwa hivyo, hawakukuta hata saratani moja ya serasi, mahali ambapo takwimu zilitarajia kama tano. Namba ni ndogo na miaka ya ufuatiliaji bado si mingi, kwa hiyo tahadhari inahitajika. Hata hivyo hoja yake ni imara: TP53 inapoharibikia kwenye vishada vya mrija, mrija usiokuwepo hauna cha kuharibika. Hakuna kipimo cha jeni kinachohitajika. Mama anayejifungua kwa upasuaji mtoto wa mwisho na ameomba kufungwa kizazi yuko tayari mezani, tumbo liko wazi.

Kwa mwenye kasoro ya BRCA1 hilo peke yake bado halitoshi kwa ushahidi uliopo. Yeye hushauriwa kutolewa ovari pia, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 akishamaliza kuzaa. Majaribio ya Uholanzi na Marekani yanapima kama anaweza kutolewa mirija kwanza na ovari miaka kadhaa baadaye, ili asiingie ukomo wa hedhi kwa ghafla akiwa kijana.

Lipo pia la ridhaa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ilithibitisha kwamba wanawake watatu wanaoishi na VVU walifungwa kizazi hospitalini bila idhini halali. Kutoa mirija hakurudishwi nyuma, na fomu inayosainiwa katikati ya uchungu wa uzazi haina maana kubwa. Mazungumzo haya yanapaswa kufanyika kliniki ya wajawazito, wiki kadhaa kabla, kwa lugha ambayo mama anaielewa, na jibu la hapana likubaliwe bila kuulizwa mara mbili.

Na mirija ikishatolewa, isitupwe kwenye ndoo. Ikatwe kwa vipande vya milimita 2 hadi 3 kama walivyoonyesha wa Boston, na panapotiliwa shaka itiwe rangi ya p53. Hospitali isiyofanya hivyo itakuwa imempunguzia mama huyo hatari, lakini haitajua kama tayari alikuwa na kidonda cha awali, na kwa hiyo haitajua kama dada zake, binti zake na shangazi zake walipaswa kuitwa wachunguzwe.